Somo: Kusoma uoto wa kale katika tope la Ziwa Masoko

Hatua ya 1. Chagua mahali penye maji yaliyotulia, ambako chavua, yaani unga wa maua, hutua tabaka juu ya tabaka na kuonyesha mimea ya kila zama. Ukuta wa chembe ya chavua ni mgumu sana, lakini huharibika ukikaa kwenye udongo unaopata hewa, kwa hiyo shamba la kawaida halifai. Ziwa Masoko wilayani Rungwe, lililo ndani ya kreta ya volkano, limehifadhi chavua ya takribani miaka 45,000.

Hatua ya 2. Zamisha bomba wima, utoe nguzo ya tope bila kuvuruga tabaka, kisha umri wake upimwe kwa kaboni-14, aina ya kaboni ambayo hupungua kwa kasi inayojulikana baada ya kiumbe kufa.

Hatua ya 3. Ili chavua ibaki peke yake, madini ya tope huyeyushwa kwa asidi ya hidrofloriki, ambayo ni hatari mno na haiguswi nje ya maabara yenye vifaa kamili.

Hatua ya 4. Hesabu chembe kwa hadubini, mara nyingi 300 au zaidi kwa kila sampuli, kisha utafsiri. Hapa ndipo wengi huteleza. Nyasi huchavushwa kwa upepo na humwaga chavua nyingi mno, ilhali miti mikuu ya miombo huchavushwa na wadudu na huacha kidogo tu; hivyo nusu ya chavua ikiwa ya nyasi, haimaanishi kwamba nusu ya nchi ilikuwa mbuga. Dawa yake ni kupima kwanza tope la juu la leo, mahali ambapo uoto unaonekana kwa macho, ndipo ulinganishe na la kale.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mufindi: Mwalimu, misindano yetu itaonekana?

Jibu: Ndiyo, ndugu, katika tabaka za juu tu, kwa kuwa ni miti iliyoletwa. Angalia usiichanganye na podo, mti wetu wa asili, maana chavua ya yote miwili ina vifuko vya hewa.

Mwanachama wa Kyela: Je, makaa ya mawe ya Kiwira nayo hupimwa hivyo?

Jibu: Kaboni-14 hukoma karibu na miaka 50,000, na makaa hayo yana zaidi ya milioni 250. Umri wake hukadiriwa kwa kulinganisha aina za chavua na spora (chembe za uzazi za mimea isiyo na maua, kama kangaga) zilizomo. Mimea ya zama hizo, kama Glossopteris, imekwisha kutoweka, lakini majani yake yamo katika miamba ya India na Antaktika pia, kwa sababu wakati huo nchi hizo zilikuwa zimeungana na Afrika.

Mwanachama wa Iringa: Tunaweza kujua kilimo kilianza lini?

Jibu: Kwa mahindi ni rahisi kiasi, kwani chembe yake ni kubwa na zao lenyewe lilitoka Amerika baada ya 1492. Ulezi ndio unaotusumbua: chavua yake haitofautiki na ya nyasi za porini, kwa hiyo hutafutwa dalili za kufyeka mashamba: mkaa wa mioto na kupungua kwa chavua ya miti, ingawa ukame nao huweza kuleta dalili hizohizo.