Una VVU na una mimba? Mkinge mwanao hivi

Dada zangu wa Unguja na Pemba, ukijijua tu una mimba nenda kiliniki ukapime damu, na mume nae apime. Ukikutwa na virusi usikate tamaa, anza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, siku hiyohiyo umeze kila siku bila kuruka. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa maziwa, lakini mama akishika dawa vizuri wanakuwa chini ya 5.

Kajifungulie hospitali, maana mtoto anatakiwa aanze dawa yake ya maji mapema baada ya kuzaliwa.

Halafu hapa ndo pagumu, nyonyesha maziwa yako matupu miezi 6, na bibi atakuja na asali, maji ya zabibu, sijui uji mwepesi, mwambie kwa adabu nesi kakataza, na kuhusu tahniki, ile ya kumpaka mtoto mchanga tende kinywani, ongea na nesi kabla hujajifungua.

Kipimo cha mtoto ni wiki ya 4 mpaka 6, kinaangukia kwenye arubaini, sasa jamani usisubiri utoke ndani, jitande mtandio mpeleke, na atapimwa tena baadae ukishamwachisha ziwa.