Namna ya Kuzisoma Barua za Zamani za Kiingereza kwa Kuanzia na Kalamu Iliyoziandika

Mtu aliyefungua kasha la babu yake akakuta humo hati ya Kiingereza ya karne ya 19, au aliyekwenda kwenye jengo la nyaraka pale Kilimani akaletewa barua za ubalozi mdogo wa Uingereza, mara nyingi hukwama kwenye mstari wa kwanza. Kiingereza anakijua, ila mwandiko haumfungukii, na kosa lake ni kuyakimbilia maneno. Aanze na kalamu. Umbo la herufi hufuata ncha iliyoichora. Ukishaitambua ncha utaweza kuikisia karne, na ukiikisia karne utajua ni herufi zipi zitakazokutega.

Iweke karatasi kwenye meza kavu, mwanga uingie kutoka ubavuni, na usifunue kurasa kwa kidole chenye mate. Wino uliotumika Uingereza kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa vinundu vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ulipoandikwa ulikuwa hafifu, ukaiva kuwa mweusi kwa kukutana na hewa, na kwa uzee hugeuka kahawia na kuila karatasi, jambo ambalo unyevu wa visiwani kwetu hulizidisha. Maandishi ya zambarau yanataka tahadhari zaidi, kwani penseli za kunakilia, zilizoenea tangu miaka ya 1870, hutoka rangi zikiguswa na maji.

Sasa tazama unene wa mistari. Aliyesoma chuoni na akapata kuchonga kalamu ya mtete ameshaijua nusu ya somo hili: ncha pana iliyokatwa mshazari hutoa mstari mnene au mwembamba kwa kufuata upande inakoelekea, bila ya mkono kukaza wala kulegeza. Hivyo ndivyo miandiko mingi ya Kiingereza ya karne ya 16 ilivyoandikwa, isipokuwa wao walitumia unyoya wa bata bukini, na waliotumia mkono wa kulia walipendelea ule wa bawa la kushoto kwa sababu hupinda kutoka usoni. Ncha kali iliyopasuliwa katikati ina tabia nyingine: ukiikandamiza hupanuka, ukiiachia hujifunga, na kwa hiyo mstari unaoshuka huwa mnene na unaopanda huwa kama uzi. Huo ndio mwandiko wa mviringo uliotawala karne ya 18, ambao George Bickham alichapisha mifano yake jijini London kati ya 1733 na 1741, na ambao makarani wa biashara na wa serikali waliendelea kuurithishana. Ukitaka kuielewa tofauti hii kwa mkono wako, chonga mtete mmoja kwa ncha pana na unyoya mmoja kwa ncha kali, kisha andika herufi moja kwa vyote viwili. Nusu saa ya kazi hiyo inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Kupambanua unyoya na chuma kunataka subira. Unyoya huchakaa, kwa hiyo herufi huanza zikiwa kali, zikavimba kidogo kidogo, kisha zikarudi kuwa kali ghafla pale mwandishi alipoichonga tena kalamu yake. Ncha za chuma, zilizotengenezwa kwa mashine kwa wingi huko Birmingham tangu miaka ya 1820 na 1830, hubaki vilevile ukurasa mzima, hukwaruza karatasi, na wino ukipungua huacha mistari miwili myembamba iliyo sambamba na uwazi katikati. Atkins Hamerton, balozi mdogo wa Uingereza, alipofungua ubalozi wake Unguja mwaka 1841, kalamu zote mbili zilikuwa zikitumika Uingereza, hivyo usishangae kuzikuta katika fungu moja la barua.

Kalamu zilizofuata ni rahisi zaidi. Peni inayobeba wino wake yenyewe, ambayo Lewis Waterman aliipatia hataza mwaka 1884, haina ule mtindo wa kalamu za kuchovya, wa wino kukolea na kufifia kila baada ya maneno machache. Peni ya kipira, ambayo László Bíró aliisajili Argentina mwaka 1943, hutoa mstari wa unene mmoja na kuacha mfereji unaohisika kwa kidole nyuma ya karatasi. Hati ya shamba inayodai kuandikwa mwaka 1895 na yenye mfereji wa namna hiyo basi ni nakala ya baadaye, au ni ya kughushi.

Inua pia karatasi uielekeze kwenye mwanga. Tangu sheria ya mwaka 1794, viwanda vingi vya Uingereza vilitia mwaka ndani ya karatasi kama alama ya maji, na barua haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka uliomo ndani ya karatasi yake hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake inasema vingine.

Baada ya hapo ndipo zije herufi, na hapa nina njia moja ninayoiamini kuliko nyingine zote. Barua rasmi za Kiingereza za karne ya 19 huanza na kwisha kwa maneno yaleyale: mwanzoni "Sir, I have the honour to", mwishoni "Your most obedient humble servant", mara nyingi kwa kifupi cha "obt servt" chenye herufi zilizopandishwa juu. Maneno hayo unayajua kabla ya kuyasoma. Yatafute, kisha nakili kila herufi yake kwenye karatasi ya pembeni, namna karani huyo alivyoichora, mpaka upate alfabeti yake. Nasema karani kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi balozi alitia saini tu, na mwandiko wa barua ukawa wa mtu mwingine.

Mitego haiishi. Neno "possession" linaweza kuonekana kama "pofsefsion", kwa sababu s ya kwanza katika pacha iliandikwa ndefu na baadhi ya wazee waliishikilia hadi katikati ya karne ya 19. "Inst." ni mwezi huu na "ult." ni mwezi uliopita. "7ber" ni Septemba. Mimi mwenyewe niliwahi kuinakili kuwa Julai, nikapoteza siku mbili kutafuta barua isiyokuwapo. Ukiona maandishi ya kahawia ambayo wino wake umesambaa kwenye karatasi laini kama ngozi ya kitunguu, hiyo ni nakala ya kubana, yaani karatasi yenye unyevu ilikandamizwa juu ya barua ikanyonya wino na maandishi yakatoka kinyume, mbinu ambayo James Watt aliipatia hataza mwaka 1780. Isome kwa upande wa pili wa karatasi.

Mwandiko wa makatibu wa karne ya 16, wenye e iliyogeuza mgongo na h inayoshusha mkia chini ya mstari, wachache watauhitaji. Anayeifuatilia merikebu ya Kiingereza iliyoitwa Edward Bonaventure, iliyotia nanga Unguja mwishoni mwa 1591, akumbuke kwamba Waingereza wa wakati huo waliubadilisha mwaka tarehe 25 Machi, na desturi hiyo ilidumu hadi 1752. Februari waliyoiita ya 1591 ni Februari yetu ya 1592.

Majina yaache mwisho, kisha yasome kwa sauti. Waandishi hao waliandika walichokisikia: Barghash utamkuta akiwa "Burghash" au "Burgash", na Sayyid akiwa "Syud". Msomaji aliyeko London hukisia, lakini wewe uliyezaliwa Mkokotoni au Wete utalisikia jina la mtaa wako likitoka kinywani kabla jicho halijaitambua herufi. Pale unaposhindwa, usibuni. Weka alama ya kuuliza kwenye nakala yako, endelea na mstari unaofuata, na urudi kesho asubuhi jicho likiwa limepumzika.