Kwenye rejesta ya kompyuta, usiishie 10.0

Wenzangu wa IT mnaotunza rejesta ya kompyuta za wafanyakazi, iwe Upper Hill au Industrial Area, Nairobi: toleo la Windows likisomeka 10.0, msikimbilie kuandika Windows 10. Windows 11 nayo hujitambulisha kwa 10.0 hiyo hiyo, ndiyo maana mashine mpya huingia kwenye orodha kama kuukuu. Tazameni namba ya bildi (build) inayofuata hiyo 10.0. 19045 ni Windows 10, toleo lake la 22H2. Kuanzia 22000 kwenda juu ni Windows 11. Ukiwa mbele ya mashine, andika winver kwenye menyu ya Start uione papo hapo.

Kama rejesta iko kwenye Excel, safu ya toleo iwekeni kama maandishi, la sivyo programu ya toleo 3.10 itageuzwa 3.1 (Excel ina kiherehere). Anzeni kufuatilia mashine za 19045: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.