SOMO: Fangasi wa kucha za miguuni, na kwa nini wengi huacha dawa njiani

Wakuu, ukucha ulioharibika haurudi kuwa mzuri. Hata fangasi wakifa wote, utabaki mnene na wa njano vilevile mpaka mwingine uote kutoka shinani, kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu, ndiyo maana wengi hukata tamaa na kuacha dawa njiani.

Hatua ya 1: pima. Karibu nusu ya kucha za namna hii si fangasi. Zimegongwa, zimebanwa na viatu, au ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi. Maabara hukwangua unga wa chini ya ukucha na kuutazama kwa hadubini. Siku hiyo nenda bila rangi ya kucha.

Hatua ya 2: tazama shina. Kama ni nchani tu, kucha moja au mbili, dawa ya kupaka inatosha: amorolfini ya 5%, mara moja au mbili kwa wiki, miezi 9 hadi 12. Piga ukucha tupa kwanza, na tupa hiyo usiitumie kwenye kucha zisizougua.

Hatua ya 3: shina likishafikiwa, ni vidonge, tena kwa cheti cha daktari. Kinachoanza kufikiriwa ni terbinafini, miligramu 250 kwa siku, wiki 12. Ini lipimwe kabla ya kuanza. Mwenye ini bovu hapewi, na mjamzito au anayenyonyesha asubiri. Baadhi ya watu hupotewa na ladha ya chakula. Itrakonazoli ipo pia, ila si kwa mwenye moyo ulioshindwa kazi. Ketokonazoli ya kumeza ikataeni kwa ugonjwa huu: mwaka 2013 Ulaya na Marekani ziliibana kwa sababu ya kuharibu ini.

Hatua ya 4: tibu na ngozi kati ya vidole, la sivyo fangasi watarudi kutoka hapohapo. Kausha miguu, soksi badili kila siku. Wavaa gambuti, nyie ndio wateja wangu wakubwa.

MASWALI

Mkuu, nikiloweka miguu kwenye maji ya jiki?
Utaunguza ngozi bure, fangasi wamejificha chini ya ukucha.

Nimemaliza wiki 12, ukucha bado mbaya. Nirudie dozi?
Usikimbilie. Terbinafini hubaki ndani ya ukucha miezi kadhaa. Kwangua kialama pale uzima unapokutana na ubovu, halafu ngoja. Kialama kitasogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Njano ikibaki mbele yake, dawa imefanya kazi. Ikikipita kurudi shinani, mrudie daktari.

Baba yangu ana sukari, nimkatie mwenyewe?
Hapana, ndugu. Mguu wa mwenye sukari huenda hauhisi maumivu, na kijeraha cha mkasi kinaweza kuwa kidonda. Mpeleke kliniki yake ya sukari, kucha zikatwe hukohuko.