Kumtoa mbwa wa kuokota Dar hadi Ulaya: chipu kwanza, sindano baadaye

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemwokota mbwa Dar, akampatia mlezi, na mlezi mwenyewe ni mgeni anayemaliza mkataba wake na kurudi kwao Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa au kwingine kwenye Umoja wa Ulaya. Uingereza na Marekani wana mambo yao, nimeyagusa mwishoni. Kama mlezi wako anakaa Sinza na hana mpango wa kupanda ndege, unahitaji chanjo na geti linalofungika, basi. Usijitese na yanayofuata.

Kabla hujatafuta tiketi, weka kichwani miezi minne. Huo ndio muda mfupi kabisa kutoka siku mbwa anapochanjwa kwa mara ya kwanza hadi siku anapokanyaga Ulaya, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa. Mtu akikwambia "hiyo ni wiki mbili tu, kuna kijana namjua pale uwanja wa ndege", mshukuru na uendelee na safari yako. Karatasi zinakaguliwa kule, si huku. Mbwa asiyetimiza masharti anaweza kurudishwa alikotoka, kufungiwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, au yote mawili yakishindikana, kuuawa. Huyo kijana wa uwanja wa ndege hatakuwepo siku hiyo.

Mbwa wetu alitoka maeneo ya machinjio ya Vingunguti, ambako mbwa koko hawakosi kwa sababu mabaki hayakosi. Mlezi aliyempata aliwahi kumchukua mbwa mwingine aliyeokolewa kwenye shamba la nyama Korea Kusini, hivyo alikuja na faili lake la zamani, na faili lile lilitusaidia kuliko mapokezi yoyote tuliyopita. Kule Korea mbwa walikuwa wakifugwa kwenye vizimba kwa ajili ya kuliwa, na Januari 2024 bunge lao lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ufugaji, uchinjaji na uuzaji huo, marufuku ikianza kutekelezwa mwaka 2027. Mashirika yamekuwa yakiwatoa mbwa hao na kuwapeleka kwa walezi nje ya nchi, na kazi yote ya makaratasi inafanywa na shirika. Huku kwetu mbwa haliwi, ukiacha uvumi wa mishkaki unaozuka kila baada ya muda; wa kwetu anakufa kwa gari, kwa mawe na kwa sumu. Na shirika la makaratasi ni wewe.

Mkabidhiane mapema

Andikeni karatasi ya kukabidhiana mbwa mkiwa bado Dar, wote wawili mkasaini, mkaweka na shahidi. Watu wanaona hili ni la kizungu sana kwa mbwa wa jalalani, lakini lina kazi mbili. Kwanza, kuanzia hapo kila karatasi inaandikwa jina la mlezi kama lilivyo kwenye pasipoti yake. Si jina lako, si "Mama Fulani wa Mikocheni". Pili, Ulaya inatofautisha mbwa anayesafiri na mwenyewe na mbwa anayepelekwa ili akabadilishe mmiliki. Huyo wa pili anahesabiwa ni biashara hata kama hakuna senti iliyolipwa, na masharti yake ni mengine kabisa. Mwongozo huu ni wa yule wa kwanza tu. Mwenye mbwa ataambatanisha na tamko la maandishi kwamba safari si ya biashara.

Chipu, halafu chanjo

Hapa ndipo tulipoungulia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sharti linasema mbwa awekewe chipu (kidude kidogo chenye namba, kinachochomwa chini ya ngozi) kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, au siku hiyohiyo, chipu ikitangulia. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Haijalishi dawa ilikuwa nzuri kiasi gani, mbwa mwenyewe yuko salama kiasi gani, au daktari ana vyeti vingapi ukutani. Kwa macho ya mkaguzi, sindano ile alichomwa mbwa asiyejulikana.

Kliniki moja ya binafsi tuliyoanzia ilituhakikishia inaelewa habari za safari za nje. Ikachanja. Kisha ikasema chipu zimeisha, mzigo uko bandarini, tutapigiwa simu. Chipu ikaja baadaye, ikawekwa, ikaandikwa kwenye kadi vizuri kabisa na tarehe yake, tarehe ya baada ya chanjo. Hakuna aliyesema neno. Aliyeliona ni daktari wa pili, tulipokwenda kutoa damu. Aliisoma kadi, akanyamaza, akauliza, "Hii chipu iliwekwa lini, dada?" Ukimwona daktari anauliza kitu kilichoandikwa mbele yake, jua mambo yameharibika. Tukachanja upya, hesabu ikaanza sifuri, na pesa ya kwanza ikabaki kuwa sadaka. Kliniki ile tulipoirudia ikatoa suluhisho la Kibongo: irudishwe nyuma tarehe ya chipu. Kataeni. Tarehe ya kugushi ikigundulika, anayebaki karantini ni mbwa.

Kwa hiyo usimpeleke mbwa mpaka umeiona chipu kwa macho, ikiwa ndani ya pakiti yake. Iwe ya viwango vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15. Mwambie daktari aisome kwa mashine kabla ya kuiweka, aisome tena ikiwa shingoni, ndipo achanje. Namba iandikwe kwa kubandika stika ya kwenye pakiti. Tarakimu 15 zilizonakiliwa kwa mkono saa nane mchana, umeme umekatika, sizipendekezi. Kwenye cheti cha chanjo pawepo jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuchanja na tarehe ya mwisho. Stika ya kichupa cha dawa ibandikwe pia. Mbwa awe ametimiza wiki 12 angalau.

Jambo jingine linalowapata wengi: kampeni za chanjo za halmashauri, zile zinazofanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni nzuri mno na kila mbwa wa mtaani apelekwe. Lakini kadi ya pale haina namba ya chipu, kwa hiyo kwa safari ya Ulaya haikusaidii kitu.

Damu na hiyo miezi mitatu

Damu inatolewa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Inapimwa kingamwili za kichaa cha mbwa, na kiwango kinachotakiwa ni 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita au zaidi. Kipimo hakikubaliki mpaka kifanywe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Zipo za Ulaya kwenyewe, kama ile ya Nancy, Ufaransa, na kwa Afrika ipo ya Onderstepoort, Afrika Kusini. Ichagueni kwanza, mpakue fomu yake, ndipo mwende kutoa damu, kwa sababu kila maabara ina fomu yake na kiasi chake cha sampuli.

Kinachosafirishwa ni yale maji ya juu yanayobaki damu ikishazungushwa kwenye mashine. Si kila kliniki ina mashine hiyo, na si kila iliyonayo mashine yake inazunguka. Uliza kwa simu, na swali liwe "inafanya kazi leo?", maana "tunayo" si jibu. Kampuni ya vifurushi nayo itataka ufungaji wa tabaka tatu na tamko la kilichomo ndani. Mhudumu mmoja wa kaunta alituzungusha mpaka tukaleta barua ya serikali ya mtaa kumtambulisha mwenye sampuli. Mtendaji, mzee wa watu, aliisoma hoja yetu mara mbili akauliza mbwa amekuwa mkazi wa mtaa wake tangu lini. Aliandika, akagonga mhuri. Barua ile hakuna aliyeisoma tena mpaka leo.

Sasa shika hili: damu ikishatolewa mbwa anasubiri miezi mitatu ndipo asafiri, na miezi hiyo inahesabiwa kuanzia siku damu ilipotolewa. Haihesabiwi kutoka siku majibu yalipofika wala siku ulipolipa. Tuseme mbwa amewekewa chipu na kuchanjwa Januari 5. Damu itolewe, tuseme, Februari 6, usiende kwenye siku ya 30 kamili ukabishana na mtu kuhusu kuhesabu. Safari ni kuanzia Mei 6. Majibu yakichelewa mwezi mzima, mradi ni mazuri, tarehe haisogei. Ndiyo maana tarehe ya kutoa damu inatakiwa isomeke vizuri kwenye fomu, na ifanane popote ilipoandikwa.

Miezi hiyo mbwa akae wapi? Mlezi mara nyingi yuko kwenye nyumba ya kampuni isiyoruhusu mbwa, na wewe umepanga nyumba yenye uwanja wa pamoja. Msiwabebeshe majirani mzigo huu. Jirani anayelinda udhu wake ana haki ya kutolambwa akienda msikitini. Tafuteni nyumba yenye uzio, Goba, Madale au Kigamboni, mlipie chakula, na mlinzi apewe chake kidogo ili mbwa asiachiwe nje usiku kucheza na wenzake. Usafiri ni bajaji. Tandika shuka kabla dereva hajaona mbwa, halafu ndipo mpatane bei.

Kibali na cheti cha afya

Kibali cha kumtoa mnyama nchini ni cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na kinaombwa mtandaoni. Utajisajili, utapandisha cheti cha chanjo na majibu ya maabara, utapewa kontro namba, utalipa kwa simu au benki. Hili mnalijua. Jaza mwenyewe; vijana wa steshenari watakuandikia "mbuzi" kwa sababu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha yao.

Kinachohitaji akili ni cheti cha afya cha Ulaya. Kinatiwa saini na daktari wa mifugo wa serikali, au daktari aliyeidhinishwa kisha kikathibitishwa na mamlaka. Kina uhai wa siku 10 tangu kutolewa hadi mbwa akaguliwe mahali pa kuingilia Ulaya. Kinatakiwa kiwe kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi unayoingilia, yaani pale mbwa anapokaguliwa kwanza. Kama ndege inatua Amsterdam halafu mnaunganisha kwenda Berlin, uliza mapema mbwa atakaguliwa wapi kabla ya kuchapisha cha Kijerumani. Fomu za lugha zote zipo, chapisheni wenyewe mwende nazo.

Siku 10 zinaonekana nyingi mpaka uambiwe mwenye kusaini yuko Dodoma. Kwa hiyo wiki tatu kabla ya safari nenda ukajitambulishe, mpe shikamoo anayestahili, acha nakala za kila kitu, uliza siku gani msaini yupo na nani anakaimu asipokuwepo. Namba ya simu ya anayekaimu ndiyo ya thamani. Wiki ya safari isiwe ya sikukuu. Kama Idi inategemea mwezi, usitegemee mhuri.

Mpeleke mbwa mwenyewe siku ya kukaguliwa, na uende na mashine ya kusomea chipu, ya kuazima ikibidi. Daktari anatakiwa kuisoma chipu kabla ya kusaini, na mashine ya ofisi inaweza kuwa kwenye droo ambayo ufunguo wake uko kwenye kikao.

Ndege

Tiketi ya mbwa haikatwi mtandaoni kama ya mtu. Piga simu shirika, upate uthibitisho wa maandishi kwamba nafasi ya mnyama ipo kwenye ndege hiyo, zote mbili kama mnaunganisha. Ukipita nchi ya tatu, uliza kama inataka kibali chake cha kupita. Kizimba kifuate masharti ya IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani: mbwa asimame bila kichwa kugusa juu, ageuke, alale amejinyoosha. Fundi wa Keko anaweza kukitengeneza vizuri, lakini mpe vipimo vya shirika na usimruhusu abuni. Mzoeshe mbwa kulia chakula humo wiki kadhaa kabla. Mwenye mbwa akitangulia au akichelewa, tofauti isizidi siku 5.

Uingereza: masharti ya chipu, chanjo na damu ni hayohayo, ila mbwa anaingia kama mzigo wa ndege, na daktari lazima ampe dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika, aandike na saa. Marekani: tangu Agosti 1, 2024 mbwa lazima awe na miezi sita, chipu, na fomu ya mtandaoni, na kwa kuwa Tanzania iko kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, kuna karatasi za ziada na viwanja maalumu vya kuingilia.

Ukishamaliza, mwambie mlezi asiache chanjo ikapita tarehe yake ya mwisho. Ikirudiwa kabla ya siku hiyo, kipimo cha damu kinabaki halali na hakirudiwi tena, hata akihamishwa kikazi kuja Dar kwa mara ya pili na kurudi. Ikipita kwa siku moja, mnaanza na sindano upya, mnasubiri siku 30, mnatafuta mashine inayozunguka.