Kuomba chuo cha Marekani ukiwa Nairobi: anza na kazi za nyumbani

Vyuo kama Harvard na Amherst huletewa maombi ya wenye alama safi wengi kuliko nafasi zilizopo. A ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, lazima uitafute, lakini haitakutofautisha na wenzako. Msomaji wa ombi anataka kuona siku zako zinavyokwenda. Ninasaidia wanafunzi wa shule za upili hapa jijini, na karibu kila mmoja huja akisema hana la kuandika. Analo, ila hajui kwamba linahesabika.

Hatua ya 1: Chagua mwaka wa kuomba

Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi kupokea maombi, hufunguliwa Agosti 1. Maombi ya mapema mengi hufungwa Novemba 1, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Novemba hiyo wewe uko kwenye KCSE! Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne, ningesema maliza mtihani kwanza, uombe mwaka unaofuata ukiwa na matokeo mkononi. Mwaka huo wa katikati tafuta kazi, au fundisha watoto wa mtaani kwenu hesabu.

Nafasi ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo vya Kenya, iombe kama kawaida. Ila ukishaanza masomo katika chuo kikuu cha hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kama mwanafunzi anayehama, na ufadhili wa wanaohama mara nyingi ni finyu. Soma masharti ya kila chuo kabla ya kuripoti.

Hatua ya 2: Orodhesha shughuli

Hapa ndipo pa kutumia muda. Fomu inakubali shughuli 10, kila moja kwa maelezo yasiyozidi herufi 150. Wengi hujaza klabu: mazingira, mdahalo, Msalaba Mwekundu, kote ni "mwanachama". Kumbe fomu yenyewe ina kundi la majukumu ya familia na kundi la kazi ya malipo.

Likizo ya Aprili, chukua karatasi uandike kila unachofanya nje ya masomo kwa wiki nzima, pamoja na saa zake, kwa sababu fomu itauliza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Halafu linganisha:

"Mwanachama mwenye bidii wa klabu ya biashara, nimejifunza uongozi."

"Daftari la kibanda cha mama, Kayole: naandika mauzo na madeni kila jioni, nanunua mboga Marikiti Jumamosi."

Wa kwanza anaweza kuwa mtu yeyote. Wa pili tunajua yuko wapi, anafanya nini na lini. (Kwenye fomu utaandika kwa Kiingereza, bila shaka.) Ongeza kilichobadilika kwa sababu yako, mradi kiwe kweli. Shughuli tano za kweli zinatosha. Usijaze nafasi kwa kuona haya.

Hatua ya 3: Insha

Mwisho ni maneno 650. Usiuze umaskini. Ukiishi Mathare, sema unachofikiria na unachotengeneza ukiwa Mathare.

Hatua ya 4: Barua za walimu

Walimu wetu wamezoea lugha ya cheti cha kumaliza shule: mtiifu, mwenye nidhamu, anashirikiana na wenzake. Barua hiyo haikusaidii. Mwandikie mwalimu ukurasa mmoja wa kumkumbusha: swali ulilomuuliza kwenye mada ya elektrolisisi, jaribio la maabara ulilorudia bila kuambiwa, mwenzako uliyemsaidia. Yeye ndiye atakayeandika. Wewe unamtafutia mifano. Mwombe kabla shule hazijafungwa Agosti, tena utumie baruapepe yake binafsi. Kiungo cha kutumia barua, ambacho mfumo humtumia mwalimu, kikienda kwenye anwani ya shule hukaa huko bila mtu kukifungua. Mwalimu wa ushauri nasaha au mkuu wa shule atatuma ripoti za mihula, na ni vizuri aeleze A ni adimu kiasi gani shuleni kwenu.

Hatua ya 5: SAT na karo

SAT, mtihani wa wanaoomba vyuo vya Marekani, hufanywa kwa kompyuta, alama ya juu ni 1600. MIT ilirudisha sharti la kuleta alama hizo mwaka 2022, Harvard ikafuata 2024. Jisajili mapema, na ukiazima laputopu, ifanyie mazoezi kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu karo, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Dartmouth, Amherst na Bowdoin hawaangalii uwezo wako wa kulipa wanapokuchagua, hata kama wewe ni mgeni, kisha hugharamia upungufu wote uliothibitishwa. Kwingine kwingi, kiasi unachoomba huingia kwenye uamuzi. Keti na mzazi mapema mjaze CSS Profile, fomu ya kuombea ufadhili inayoeleza mapato ya familia. Asiye na hati ya mshahara aandike barua kueleza anapata nini na kutoka wapi, akiambatisha taarifa za M-Pesa. Ada ya kuomba ina msamaha, uuombe ndani ya fomu. Wakala anayetaka hela akuhakikishie nafasi, usimpe hata nauli.