Kuosha zulia nyumbani bila kulivundisha

Wiki iliyopita nilishinda siku tatu nyumbani kwa dada yangu tukihangaika na zulia lake la sufu. Kuosha kwenyewe kulichukua kama saa moja na nusu. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye kusuuza, kukamua na kukausha. Akaniuliza mbona nimekazania hivyo kukausha, nami nikamwahidi kumwandikia ili safari nyingine aweze kuosha peke yake. Haya ndiyo niliyomwandikia.

Nazungumzia zulia linalobebeka: la sebuleni, la chumbani, la kando ya kitanda. Kapeti lililogundishwa sakafuni ukuta hadi ukuta lina mambo yake.

Hatua ya 1: Jua zulia ni la uzi gani

Tazama kibandiko kilichoshonwa nyuma. Kama hakipo, kata kipande kidogo cha uzi pembeni, kishike kwa kibano, ukichome juu ya sinki. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Pamba, juti, mkonge na viskosi (uzi laini wa kiwandani unaotokana na miti) hunuka kama karatasi iliyoungua. Nailoni, polista na polipropilini huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Usiiguse mpaka ipoe.

Sufu, pamba na nyuzi za viwandani nilizozitaja mwishoni unaweza kuziosha mwenyewe. Hariri, viskosi, juti na mkonge usizirowanishe. Viskosi hasa inahitaji uangalifu, maana mng'ao wake unafanana na wa hariri na watu wengi hawajui kama ndiyo waliyonayo. Ikilowa hupoteza nguvu, manyoya yake hulala, na ukiyasugua hayarudi tena yalivyokuwa. Kwa mazulia ya aina hiyo fyonza vumbi tu, na likichafuka sana lipeleke kwa fundi anayejua kazi.

Kisha ligeuze. Ukiona mchoro wa mbele unaonekana vilevile nyuma, hakuna tatizo. Ukikuta mgongo umefunikwa kitambaa kilichogundishwa, ujue nyuzi zimeshikiliwa na gundi ya mpira. Zulia la namna hiyo hunywa maji haraka na kukauka polepole, na gundi yenyewe hudhoofika ikiloweshwa sana. Kama unadondoka unga nyuma, gundi imekwisha chakaa. Usilioshe.

Hatua ya 2: Toa vumbi

Lilaze kifudifudi juu ya shuka kuukuu, upitishe mashine ya kufyonza vumbi mgongoni, au ulipige kwa fimbo pana. Mchanga uliojificha kwenye mizizi ya manyoya utadondoka wenyewe. Inua, kung'uta shuka, rudia mpaka shuka libaki safi. Baada ya hapo ligeuze ufyonze upande wa juu, ukifuata mwelekeo wa manyoya. Ukiruka hatua hii, maji yatageuza vumbi lote hilo kuwa tope ndani ya zulia.

Kama mashine yako ina brashi inayozunguka, izime unapofika kwenye matamvua. Hiyo brashi hunyofoa matamvua moja baada ya jingine. Kwa zulia la sufu mimi siitumii kabisa, hata katikati.

Chini ya makochi na kabati angalia kama kuna sehemu zilizoliwa au vijibomba vyeupe vya utando. Hao ni viwavi vya nondo. Nondo mwenyewe hali sufu, wanaokula ni watoto wake, na wanapenda giza mahali pasipoguswa. Zulia dogo lifunge kwenye mfuko wa plastiki na uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Jaribu kama linachuja rangi

Chovya kitambaa cheupe kwenye maji ya sabuni utakayotumia, ukamue, kisha ukikandamize kwa dakika chache juu ya kila rangi, hasa nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea. Rangi ikihamia kitambaani, acha kabisa.

Hatua ya 4: Lipime uzito

Simama juu ya mizani ukiwa umelibeba zulia likiwa kavu, halafu toa uzito wako. Andika namba hiyo mahali hutaipoteza. La dada yangu lilikuwa na kilo 11.2. Sababu nitaieleza kwenye kukausha.

Hatua ya 5: Shughulikia madoa

Kilichomwagika sasa hivi kinyonywe kwa kitambaa kikavu kwa kukandamiza. Usisugue. Kusugua husukuma doa chini na kuchana ncha za nyuzi, kisha sehemu hiyo hubaki na ukungu wa weupe hata baada ya doa kutoka. Tumia maji baridi kwa damu, maziwa na yai, kwa sababu maji moto huzigandisha protini ndani ya uzi.

Watu wengi hushauri kuchanganya siki na soda ya kuokea. Povu lile linapendeza macho, lakini siki ni asidi na soda ni besi. Zikikutana huuana, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvi kidogo na hewa inayotoka. Tumia kimoja kwa wakati wake au usitumie kabisa. Na soda ikishaingia kwenye manyoya marefu haitoki yote hata ukifyonza mara kumi.

Mkojo wa mtoto au wa paka ndio mgumu kuliko yote. Ukiwa mbichi, nyonya, mwagia maji baridi, nyonya tena, mara nyingi. Ukikauka huacha chembe za asidi ya yuriki ambazo maji matupu hayaziyeyushi vizuri, na kila hewa inapokuwa na unyevu harufu hurudi. Hapo hufaa dawa yenye vimeng'enya, yaani viambato vya asili vinavyovunjavunja uchafu, lakini soma maelezo yake kwanza: vimeng'enya vinavyokula protini vitakula na sufu pia. Klorini usiikaribishe hata kidogo. Huyeyusha sufu, na ikikutana na amonia iliyo kwenye mkojo hutoa gesi inayounguza mapafu.

Hatua ya 6: Osha

Lilaze kwenye sakafu safi yenye mteremko. Rowanisha kwa maji baridi au ya uvuguvugu. Tumia sabuni ya maji isiyo kali, ya kufulia sufu ukiipata, nayo iwe kidogo kuliko moyo wako unavyotaka. Sabuni ya unga ya kufulia siitumii kwenye sufu. Sugua kwa brashi laini ukifuata mwelekeo wa manyoya, pande zote mbili, bila kuzungusha.

Hatua ya 7: Suuza

Suuza mpaka maji yanayotoka yawe angavu na yasiwe na povu, halafu suuza tena mara moja. Sabuni iliyobaki hunata, na chochote kinachonata hukamata vumbi. Zulia linalochafuka wiki mbili tu baada ya kuoshwa, mara nyingi halikusuuzwa vya kutosha. Maji ya mwisho naweka siki nyeupe, nusu kikombe kwa ndoo ya lita 10.

Kisha toa maji. Tumia mpira wa kusukumia maji, ule wa kukaushia sakafu, ukandamize kwa nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa mwelekeo wa manyoya. Rudia mpaka mpira usitoe maji tena. Usilikunje na kulikamua kama nguo, utavunja mgongo wake.

Hatua ya 8: Kausha

Hapa ndipo nilipoharibu zulia la shangazi yangu miaka kadhaa iliyopita.

Nililiosha vizuri na kulianika siku mbili. Jioni ya pili nilipitisha kiganja juu yake, likawa kavu kabisa, hata na vuguvugu la jua. Nikalitandika. Baada ya siku nne sebule yote ilinuka uvundo, na kando ya ukingo mmoja pakatokea mstari wa kahawia uliokuwa haupo kabla sijaliosha. Nilikaa saa nyingi nikisugua mstari ule kwa sabuni, na kila ulipokauka ulirudi, mara nyingine ukiwa umekolea zaidi.

Nilikuwa nimekosea mambo mawili. La kwanza ni kuamini kiganja. Sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake bila kuonekana imelowa. Ncha za manyoya hukauka mapema kwa sababu zinapata hewa, huku uzi wa pamba au juti ulio katikati ya mgongo ukiwa bado umelowa. Unyevu ukikaa humo siku moja hadi mbili, ukungu huanza. Ndiyo maana nikakuambia upime uzito. Zulia la dada yangu baada ya kukamuliwa lilikuwa na kilo 19. Siku ya kwanza jioni likawa na 13.4. Siku ya pili jioni likawa na 11.9, na kwa kiganja lilikuwa limekauka. Zile gramu 700 zilizozidi uzito wake wa kwanza ni maji, na yamejificha mgongoni. Kama huna mizani, weka mfuko wa plastiki juu ya zulia usiku kucha, uukandamize kwa kitabu kizito. Asubuhi ukikuta matone chini ya plastiki, bado.

La pili ni ule mstari wa kahawia. Haukuwa uchafu nilioushindwa. Pamba na juti za mgongoni zina vitu vya asili vyenye rangi ya kahawia, na vikikaa na maji muda mrefu huyeyuka. Maji yanapokauka hupanda juu kupitia manyoya kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakivibeba vitu hivyo mpaka kwenye ncha, kisha yanaruka na kuviacha pale. Kadiri linavyochelewa kukauka ndivyo mstari unavyokolea. Kila nilipouloweka upya kwa sabuni nilikuwa nauongezea maji ya kupandisha kahawia zaidi, na sabuni nyingi zina ubesi unaozidisha tatizo. Dawa yake ni asidi nyepesi: siki nyeupe kipimo kimoja kwa maji vipimo vitatu, jaribu kwanza pembeni, nyunyiza kidogo tu kwenye ncha, nyonya kwa kitambaa cheupe, kisha funika kwa taulo kavu na uelekeze feni hapo. Taulo ndilo linalokuwa mwisho wa utambi, na kahawia huishia kwenye taulo.

Kwa hiyo kausha haraka, pande zote mbili. Usilitandaze sakafuni, kwa sababu mgongo hautapata hewa. Litundike juu ya kitu kipana: reli, ukuta mfupi uliofunikwa plastiki safi, au mabomba mawili yaliyoachana. Kamba nyembamba huacha mkunjo katikati, na zulia lililolowa ni zito kiasi cha kuikata. Badilisha sehemu linapokunjika kila baada ya saa chache, la sivyo ile sehemu ya juu itachelewa na hapo ndipo uvundo huanzia. Matamvua yaelekee chini wakati maji yanadondoka, na uyafungie taulo jeupe, maana maji yote huishia huko na ndiko kahawia hupenda kujitokeza.

Jua kali halihitajiki. Upepo ndio unaokausha, jua linapausha. Ukilazimika kuanika juani, geuza mgongo ndio uliangalie jua. Ndani ya nyumba feni moja inayopuliza kwa ubavu inanitosha, madirisha yakiwa wazi. Mvua ikinyesha siku nzima na huna feni, ahirisha kuosha; zulia chafu linaweza kusubiri wiki moja.

Hatua ya 9: Litandike

Chana manyoya kwa brashi laini na ulifyonze kidogo, kwa sababu vumbi lililokuwa limeshikwa na sabuni huachia likikauka. Sakafu ya chini nayo iwe kavu. Ukilitandika, lizungushe ili upande uliokuwa dirishani uende ukutani, na ufanye hivyo kila miezi sita ili lipauke na kuchakaa sawasawa.

La dada yangu tulilipima tena siku ya tatu saa kumi jioni. Kilo 11.2. Tukaliingiza ndani.